Doto wa Mgongoni

Mistari miwili ilitoka kabla sijamaliza kufunga mkoba wangu. Nesi alikiinua kipimo cha mkojo kwenye mwanga wa dirisha, akatabasamu na kuniambia, "Hongera, mama." Nikarudi kukaa kwenye kiti. Wiki sita kabla ya siku hiyo nilikuwa nimesafishwa kizazi, na kadi aliyokuwa ameishika kwa mkono wa kushoto ilieleza kwamba mstari wa pili ukiendelea kutoka nirudi hospitali haraka. Kadi alikuwa nayo, ila hakuwa ameisoma. Mimi nilikuwa nimeisoma, na bado nikapokea hongera yake.

Naandika haya kwa ajili ya mwanamke aliyeambiwa kuwa mimba yake ilikuwa zabibu. Nilipoambiwa mimi, nilitafuta mtu mmoja tu aliyepitia hayo anieleze inakuwaje, sikumpata. Waliokuwa na la kusema walijaa, tena wengine hawakuniacha hata nimeze mate. Aliyepitia ndiye aliyekosekana.

Mimi ni fundi cherehani hapa Segese. Mume wangu, Baba Neema, anafanya kazi kwenye karasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu, na jioni hurudi mweupe kwa vumbi hadi kope. Yeye alizaliwa pacha, ndiye Kulwa, wa kwanza kutoka. Mwenzake, Doto, wa pili, alifariki kwa surua kabla hajatembea. Mama yao anaishi Tinde, na mimi namwita Mayu kama anavyomwita mwanawe, kwa Kisukuma. Mayu hamtaji Doto mara kwa mara. Ila kila sahani ya ubwabwa anayompakulia mwanawe huongeza kijiko kimoja cha mwisho, na nyumba nzima inajua kijiko hicho ni cha nani.

Mimba ilianza na mvua za kwanza. Binti yetu Neema alikuwa na miaka sita na tulikuwa tumengoja kiasi cha kuchoka. Nilitapika hadi nikawa nashona huku ndoo iko chini ya cherehani. Miezi mitatu ilipotimia, tumbo lilikuwa la miezi mitano. Mayu alikuja kunitazama, akaniwekea viganja viwili tumboni, akafumba macho.

"Humu wamo wawili," alisema. "Mapacha wanafuata damu."

Wiki ileile alianza kusema "hao wajukuu zangu", na mimi nikakata vitambaa viwili vya flaneli.

Damu ilianza kutoka Januari, watu wakiwa mashambani wanapandikiza mpunga. Tulikwenda Kahama. Daktari wa picha alizungusha kile kifaa tumboni kwangu kwa muda mrefu bila kuongea, na ukimya wake ndio ulionipa habari kabla ya mdomo wake. Hapakuwa na mtoto. Hapakuwa hata na mmoja. Aliniambia mimba imekua vibaya tangu mwanzo, inaitwa mimba zabibu, na inatakiwa kusafishwa siku hiyohiyo. Zabibu nilikuwa nazijua zile kavu za kwenye keki ya harusi. Nilipoona kilichotoka, vijipovu vyenye maji vimeshikana, nilielewa kwa nini wameipa jina hilo, na sijala zabibu mpaka leo.

Kabla ya kuniruhusu, daktari alinipa masharti. Kupima mkojo kila wiki mbili. Kutopata mimba nyingine kwa mwaka mzima. Alisema chembe zikibaki zinaweza kugeuka saratani. Neno hilo nililisikia, nikaliacha palepale kwenye meza yake. Sokoni kwetu inajulikana kwamba saratani za akina mama ni za wale wasiozaa na wasionyonyesha. Mimi nilikuwa nimezaa, nikanyonyesha miaka miwili kamili. Nilijiona nimeshalipia kinga yangu.

Kipimo cha kwanza kilitoa mistari miwili, wakasema ni kawaida. Cha pili kilitoa miwili, wa pili hafifu. Cha tatu ndicho cha hongera, na mstari wa pili ulikuwa umekoza kama wa kwanza.

Nilipofika nyumbani Mayu, aliyekuwa amekuja kuniuguza, alikuwa uani anachambua maharage. Nikamweleza alichosema nesi. Yaliyoandikwa kwenye kadi sikumweleza. Mayu aliacha maharage.

"Walikusafisha, au hawakukusafisha?"

"Walinisafisha, Mayu."

"Basi waliyemtoa ni Kulwa. Doto ameogopa chuma chao, amepanda mgongoni."

Kwetu mimba ya mgongoni ni jambo linalojulikana. Mimba hukimbia tumboni, ikajibanza mgongoni, ikakaa huko hata miaka, mpaka apatikane anayejua kuishusha. Mgongo ulikuwa unaniuma kweli. Kichefuchefu kilikuwa kimerudi. Kipimo cha hospitali yenyewe kilisema nina mimba. Sitaki kumtupia Mayu mzigo wote hapa. Nilikuwa na akili zangu na nilikuwa na kadi. Nilimwamini kwa sababu nilimtaka huyo Doto, nilimtaka sana, na hospitali haikuwa na mtoto wa kunipa.

Akaanza kunishusha. Asubuhi kikombe cha mizizi iliyochemshwa, jioni kikombe, kisha ananikanda mgongo kwa samli kutoka mabegani kwenda chini, anaongea na huyo mtoto kwa Kisukuma, taratibu, kama anayembembeleza mtu atoke uvunguni. Kadi niliificha kwenye droo ya cherehani chini ya mabobini ya uzi. Baba Neema akiniuliza kama nimekwenda kupima, nilijibu nimekwenda. Nilimdanganya mara tatu, na mara zote tatu niliangalia chini nikijifanya natunga uzi.

Kikohozi kilikuja mwezi wa tatu. Mume wangu alijilaumu, akidhani ananiletea vumbi la karasha, akaanza kuvua nguo za kazi mlangoni. Siku niliyotema makohozi yenye damu kwenye kitambaa cha sare ya shule niliyokuwa naikata, alinipakia kwenye bodaboda bila kuniuliza hadi kituoni, tukapanda gari la Kahama. Walipima kifua kikuu, hakikuwepo. Ndipo daktari yule wa Januari alipopita, akanitambua, akauliza, "Kadi yako iko wapi, mama?"

Picha ya kifua ilikuwa na madoa. Daktari aliiweka kwenye mwanga akatueleza sote wawili. Alisema kile kipimo cha mkojo hakimwoni mtoto. Kinaona homoni ya mimba tu, na zile chembe zilizobaki zinatengeneza homoni hiyohiyo, nyingi kuliko mimba ya kweli. Zilikuwa zimeota tena kwenye kizazi, zikasafiri kwenye damu hadi mapafuni. Ni saratani inayotokana na mimba yenyewe. Akasema inatibika, hata ikishafika mapafuni. Hilo la mwisho sikulisikia siku ile. Nilielezwa baadaye na mume wangu.

Yeye alikuwa amesikia jambo lingine, kwamba sijapima kwa wiki nane. Tulipewa rufaa ya kwenda Mwanza, tukarudi kuchukua nguo, na karibu na nyumbani ndipo aliponigeukia.

"Ungeniambia," alisema.

Mayu aliondoka kesho yake kurudi Tinde. Hakufukuzwa. Mwanawe alimwambia tu kwamba Neema atakaa kwa jirani, na mama mtu mzima akaelewa. Alikunja kanga zake bila kunitazama, na mimi, niliyekuwa na uwezo wa kusema kwamba nilikunywa kwa kupenda mwenyewe, nilinyamaza.

Mwanza hesabu yangu ya wakati ilibadilika. Hapakuwa na Jumatatu wala Jumamosi tena. Palikuwa na siku nane wodini na siku sita nyumbani, huo ndio mzunguko mmoja. Siku moja sindano, siku inayofuata vidonge vya kuupunguzia mwili makali ya sindano, hivyohivyo hadi nane. Dawa yenyewe ni ya njano. Mwanzo nilifurahi kwamba nywele hazitoki nyingi, nikadhani nimebahatika. Mzunguko wa pili ukanipata mdomoni. Vidonda kwenye ulimi, kwenye mashavu, hadi kooni. Mate yakawa adui. Macho yakawa yanachoma na kutoa machozi, hata nikirudi nyumbani siwezi kutunga sindano. Juani ngozi inawaka. Nilikonda hadi pete ikawa inavuka kiungo cha kidole, nikaifunga uzi.

Kwenye kitanda cha jirani alikuwepo Rehema, kutoka Nyarugusu. Yeye alizaa mtoto mzima mwenye afya, na miezi minne baadaye damu ikakataa kukatika. Ugonjwa uleule, kwa njia nyingine. Wakati nafika, alikuwa tayari ametolewa kizazi na bado anaendelea na sindano. Ndiye aliyenifundisha kunywa uji uliopoa kwa mrija, unaupitisha pembeni ambako hakuna kidonda. Alinigawia mrija wake mmoja, akaukata kwa meno uwe mfupi.

"Wewe hawajakukata," aliniambia. "Omba namba ishuke."

Namba ndiyo iliyokuwa bosi wetu. Huko hawaangalii mistari, wanapima damu na kuandika kiwango cha homoni. Tulikuwa tunakaa kwenye benchi la korido, wanawake kumi, kumi na mbili, kila mmoja anatazama mlango unaotoa majibu. Hakuna anayesuka ukili, hakuna anayesimulia. Akitoka mtu tunamwangalia miguu kwanza. Akitembea haraka imeshuka. Mimi nilizoea kuhesabu vigae vya sakafuni, nikifika ukutani naanza upya, na nikikosea hesabu moyo ulinipasuka kana kwamba vigae ndivyo vyenye majibu.

Mzunguko wa kwanza ikashuka. Wa pili ikashuka. Wa tatu ikashuka. Wa nne ikagoma.

Daktari wetu, dada mdogo kwangu kwa umri, alisema tungoje mzunguko mmoja zaidi. Ikigoma tena tutabadilisha dawa, kwenda kwenye zile kali zinazotiwa kwa dripu, na huenda kizazi kikatolewa. Siku sita zile za nyumbani sitazisahau. Neema alikuwa ananiletea maji kila baada ya dakika chache bila kuombwa, anasimama kuona kama nitameza. Nilikuwa nasikia mgongo unauma nasema imepanda. Nasikia njaa nasema imeshuka. Baba Neema alikuwa anakaa karibu nami jioni nzima, na siku moja akanishika mkono wenye pete ya uzi akasema, "Mimi mtoto ninaye. Mke ndiye sina wa pili." Nilimwomba radhi siku hiyo, kwa ule uongo wote wa mara tatu. Alisema alishasamehe, ila nilimwona bado anaumia.

Ndipo nilipomweleza pia kwamba Mayu hakujua kilichoandikwa kwenye kadi. Nadhani alimpigia simu, kwa sababu siku ya pili ya mzunguko wa tano, saa ya kuona wagonjwa, nilimwona Mayu anaingia wodini amebeba kidumu cha maziwa, amevaa viatu vya kanisani. Alikuwa amesafiri peke yake kutoka Tinde. Alisimama miguuni pa kitanda akanitazama mdomo.

"Nataka kumwona anayekutibu," alisema.

Daktari alikuja, akapiga goti kidogo. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimekuja kuuliza huyu wa mgongoni. Nyie mna mashine. Mmemwona?"

Niliona aibu, nikataka kujifunika shuka. Daktari hakucheka. Alikwenda akarudi na picha ya kifua, akampeleka Mayu dirishani, akamwonyesha kwa kidole. Hapa, na hapa, na hapa pameanza kufutika.

"Hao si watoto," Mayu alisema.

"Si watoto, mama."

"Na mimi nilikuwa nawanywesha."

Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida, akaendelea kuitazama picha. Daktari akamwekea mkono begani. Mayu hakulia. Akauliza swali la pili, na sikutegemea kama analijua hilo.

"Mnasema ugonjwa huu unaonekana kwa homoni. Halafu nasikia mnampa vidonge vya kuzuia mimba, na vyenyewe ni homoni. Mnazima moto kwa mafuta?"

"Umeuliza vizuri," daktari alisema. "Homoni ya mimba ni moshi, mama. Ndio tunaoutazama tujue moto bado upo. Vidonge hivi ni homoni nyingine, havitoi moshi huo. Akishika mimba mwaka huu atawasha jiko ndani ya nyumba hiyohiyo. Tutaona moshi, tusijue watu wanapika au nyumba inaungua."

Mayu alifikiri. "Basi ameze," akasema, na tangu hapo vidonge vile alinikumbusha yeye.

Kwangu mimi alikuja mwisho. Alinimiminia maziwa kwenye kikombe, akauchukua ule mrija, akaugeuza akaukagua, akauweka pembeni ya mdomo wangu pasipo na kidonda. Nikamwambia nilikuwa na kadi, nilijua. Akasema, "Najua ulijua. Tulimtaka wote wawili."

Mzunguko wa tano namba ilishuka. Nilitoka kwenye ule mlango kwa haraka kiasi kwamba Rehema alishangilia kabla sijafungua mdomo. Wa saba, wakati huku kwetu pamba inapelekwa kwenye mizani, ilifika pale inapotakiwa. Wakaniongezea mizunguko mitatu ya kuhakikisha. Kisha wakanirudisha nyumbani na mwaka wa kupima kila mwezi.

Mwaka huo hauna sindano, na kwangu ulikuwa mgumu kuliko wa sindano. Hakuna anayekufanyia kitu, unangoja tu. Kila mwezi nilikaa kwenye benchi la kliniki ya wajawazito ya hapa kwetu, matumbo kushoto na matumbo kulia, nimeshika kikopo changu. Mayu alihamia kwetu ili anisindikize. Herufi hazijui, ila mistari alijifunza siku moja.

"Mingapi?"

"Mmoja, Mayu."

"Wabeja," anashukuru, anapiga makofi mawili madogo, na wajawazito wanamgeukia huyu bibi anayeshukuru kwamba mkwe wake hana mimba. Mama mmoja alininong'oneza kama huyo ni mkwe au adui. Nilicheka, na ilikuwa mara ya kwanza nacheka kwenye benchi lile.

Mwaka ulipokwisha walituruhusu kujaribu, na mimi nikawa sitaki. Kila nikifikiria mtoto niliona picha ya kifua. Nikaendelea na vidonge mwaka mwingine mzima, kisha siku moja nikaacha kuvimeza, na niliyemwambia ni Baba Neema peke yake. Mstari wa pili ulitoka mwezi wa nne wa kujaribu. Nilikaa na kipimo kile kwenye droo ya cherehani kwa siku tatu. Mtu mwingine akiona mistari miwili anajua afurahi au ahuzunike. Mimi sikujua. Ya nne nilikitoa nikamwonyesha Mayu na mwanawe kwa pamoja, na hakuna aliyesema hongera. Baba Neema aliomba ruhusa kazini.

Kahama tulingoja tangu asubuhi hadi mchana. Chumba cha picha wanaruhusu msindikizaji mmoja, mume wangu akasema aingie mama. Daktari wa picha alizungusha kile kifaa, akanyamaza, na ukimya ule niliufahamu, nikaanza kuhesabu mbao za dari. Halafu akatugeuzia skrini. Kulikuwa na kitu kinadundadunda katikati.

"Wangapi?" Mayu aliuliza.

"Mmoja."

Akashika ukingo wa kitanda. "Yuko tumboni?"

"Yuko tumboni, mama. Mahali pake kabisa."

Alizaliwa wakati mpunga umeanza kuiva, mvulana. Jina alilitoa Mayu. Kwa Kisukuma mtoto anayewafuatia mapacha huitwa Shija, na yeye alimpa hilo, Shija, mbele ya wote, akijua sote tumeona picha ya kifua. Baba Neema alinitazama kuona kama nitapinga. Sikupinga. Hospitali ina hesabu yake na Mayu ana yake, na mimi flaneli zile mbili sikuwahi kuzitupa.

Sharti moja lilikuwa bado limebaki. Wiki sita baada ya kujifungua ni lazima kupima tena, kwa sababu hata mimba nzuri inaweza kuacha chembe, kama ilivyomtokea Rehema. Hakuna aliyelala vizuri wiki ile. Mayu alimfunga Shija mgongoni tukaenda. Wewe unayesoma haya ukiwa kwenye benchi, uliyeficha kadi mahali, itoe. Umpe mtu wa nyumbani kwako aisome na wewe.

Nesi alikuwa yuleyule wa hongera. Safari hii aliisoma kadi, mstari kwa mstari, kidole kikifuata. Alipomaliza kupima aliniachia kipimo nitoke nacho.

Mayu alikuwa amesimama kivulini, Shija amelala, kichwa kimelalia bega. Nilimpa kipimo. Alikisogeza karibu na macho, akakigeuza juani, akasubiri, kana kwamba mstari wa pili unaweza kuchelewa.

"Mmoja," alisema.

Alinirudishia, akapeleka mikono yote miwili nyuma, akampapasa mtoto mgongoni kwake, akakaza mbeleko.